Filamu Ambayo Mzee Kasereka Hakuiona

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, na mume wangu analijua jambo hilo, hanuni tena. Ilikuwa Jumanne asubuhi, hapa Butembo, katika mtaa wa Mususa. Nilikuwa nimesimama kando ya bango nililolichora mwenyewe, na mzee mmoja aliyekuwa karibu kupofuka alikuwa amelisogelea mpaka pua yake inataka kugusa rangi. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali moja dogo, nami nikatamani ardhi inimeze.

Mwanangu, keti. Weka simu yako pembeni kidogo, haitakimbia.

Nimewasikia wewe na wenzako wiki hii nzima. Kuna filamu mpya inakuja, imetengenezwa yote kwa kompyuta, na mnahesabu siku. Nusu yenu mmeshaipenda kwa kuona kipande cha dakika mbili. Nusu nyingine mmeapa kwamba hamtaitazama kamwe, kwa kuwa katuni za kweli ni zile za zamani zilizochorwa kwa mkono. Na katika hao wa mkono, sauti yako ndiyo kubwa kuliko zote. Ninakuelewa. Mimi nilisimama papo hapo unaposimama wewe, miaka mingi kabla wewe hujazaliwa, na nilipiga kelele kukushinda.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikijifunza kazi ya kuchora mabango kwa Mzee Kasereka. Wakati ule duka lisilokuwa na bango lililochorwa naye lilionekana kama duka la kupita tu. Alichora vichwa vya saluni, dawa za famasi, mbuzi wa bucha, chupa za baa. Tena alichora mabango ya filamu kwa ajili ya Kakule, jirani yetu aliyekuwa na chumba cha video: televisheni moja, mashine ya kaseti, jenereta inayokohoa nyuma ya nyumba, na mabenchi.

Mzee alikuwa na sheria moja katika kazi yake. Huchori kitu ambacho hujakitazama. Ikija kazi ya bucha, unakwenda kwanza kukaa na mbuzi. Mimi alinituma siku moja nikae saluni tangu asubuhi mpaka adhuhuri nikitazama jinsi mwanamke anavyoinamisha shingo anaposukwa. Nilirudi nimechoka, na nimesengenya na kila mtu, lakini shingo niliijua. Na kwa filamu, sheria ilikuwa ile ile: Kakule alituonyesha kwanza, peke yetu, kisha ndipo tukachora.

Kulikuwa na filamu moja ya zamani tuliyoipenda mno, ya korongo aliyevuka milima. Ilichorwa yote kwa mkono. Mzee alikuwa akimwomba Kakule asimamishe kaseti, na picha ikawa inatetemeka pale na mstari mweupe katikati, naye ananiambia nihesabu. Bawa moja likishuka, ni michoro mingapi? Nilihesabu kumi na miwili. Michoro kumi na miwili, mwanangu, kwa bawa kushuka mara moja tu! Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiitazama mikono yangu kwa heshima.

Basi ikaja habari. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala na kurudi alikuwa analeta kaseti ya filamu mpya, ya ndama wa nyati aliyepotea. Watu wakasema hakuna aliyechora hata mstari mmoja, kompyuta imefanya kila kitu. Wiki tatu mtaa mzima haukuwa na habari nyingine. Vijana walibishana kwenye bomba la maji. Mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi aliapa kwamba ndama yule alikuwa mzima, amefungiwa ndani ya televisheni. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mzee Kasereka hakubishana na mtu. Yeye aliuliza tu. Aliuliza mpaka watu wakachoka.

“Na kivuli, ni nani anaitia?” alimuuliza Kakule. “Na manyoya, banatia moja moja? Mashine inajuaka namna gani kama mutoto wa nyati amechoka?”

“Muzee, mi sijue,” Kakule akajibu huku anacheka. “Utaona na macho yako.”

Macho yake ndiyo yaliyokuwa shida. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba zamani. La kulia lilibaki na mwanga kidogo, na mganga wa macho alikuwa amemwambia waziwazi kwamba halitadumu. Kwa hiyo alikuwa anachagua vitu vya kuona. Alikwenda kumwona dada yake kule Lubero. Aliutazama mlima asubuhi moja wakati wingu limeondoka. Akaniambia kwamba kitu kilichobaki ni filamu ile. Alitaka kujua namna inavyofanywa, basi, na hamu yake ilikuwa ya mtoto kabisa.

Na mimi? Mimi niliichukia filamu hiyo kabla sijaiona. Nilisema haina mkono, haina roho, ni ya watu wavivu. Nilisema kwa maneno makubwa makubwa, nawe unayajua, maana jana nimeyasikia kinywani mwako. Lakini chini ya maneno yale kulikuwa na woga, na leo ninausema wazi. Niliogopa. Famasi mbili mjini zilikuwa zimeshaweka mabango yaliyochapwa kwa mashine Kampala. Ikiwa mashine inachapa bango, na sasa inachora ndama akakimbia, mimi nilikuwa najifunza nini? Na la kuogofya zaidi: itakuwaje Mzee mwenyewe akiiona na kuipenda?

Jumamosi asubuhi Mzee alinituma kwa Kakule kuitazama kwanza, ili nichore bango. Nilifika mlangoni. Niliisikia jenereta. Nikageuka, nikaenda sokoni, nikanunua mikate ya mafuta, nikala taratibu muda wa saa mbili. Kisha nikarudi karakana na kulichora bango kwa kunakili picha ndogo iliyokuwa kwenye boksi la kaseti. Tena nilimchora ndama vibaya kwa makusudi. Nilimpa macho ya kioo na miguu minne iliyonyooka kama ya meza, watu waone kwamba ni kitu cha mashine.

Jumapili baada ya misa, Mzee alinisubiri nimshike mkono twende kwenye onyesho la saa nane. Alikuwa amevaa koti lake, lile la sikukuu.

“Tata,” nikamwambia, maana nilimwita baba, “kaseti imeharibika. Mashine ilikula bande, utepe yote. Batu bote bamerudia kwabo.”

“Ah! Pole ya Kakule,” akasema. Hakusikitika kwa ajili yake mwenyewe kwanza, alimsikitikia Kakule. Kisha akauliza, “Mais, lakini wewe, jana uliiona?”

“Ndiyo, Tata.”

“Iko namna gani?”

“Hapana kitu. Bitu bya plastiki tu. Hapana hata roho.”

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Mwanangu, nimeona mengi katika nchi yetu hii, lakini nikikuambia kwamba koti lile bado linaniuma, uniamini.

Jumatatu kaseti iliondoka mjini pamoja na mwenyewe, yule mfanyabiashara. Jumanne bango likarudi karakana, maana tulikuwa tukipaka rangi nyeupe juu yake ili lipokee filamu nyingine. Hapo ndipo Mzee alipolisogelea. Akalitazama kipande kwa kipande kwa lile jicho lililobaki, akipitisha kidole chini ya tumbo la ndama.

“Katungu,” akaniita. “Huyu ndama anasimama juu ya muguu gani?”

Mnyama akisimama, kuna mguu unaobeba kuliko mingine. Hilo alinifundisha mwezi wa kwanza, kwa yule mbuzi wa bucha. Mtu aliyemtazama mnyama, hata kwa kumchukia, asingemsimamisha hivyo. Mzee alijua palepale kwamba sikuiona filamu.

Na kana kwamba Mungu alitaka kuhakikisha, Kakule akapita barabarani na kusimama. “Muzee! Juzi dimanche tulikungojea. Batu balijaa mpaka inje. Nilikuwekea kiti ya mbele kabisa, mutu hapana kuikalia.”

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata siku tatu.

Mzee alimshukuru Kakule kwa adabu, akangoja aende zake. Nilifikiri atanifukuza. Ningependa anifukuze. Badala yake alikaa kwenye kopo la rangi, akasema polepole, “Kama uliogopa, ungesema: Tata, mi naogopa. Mi pia naogopaka. Ningekuambia vile. Mais wewe ulikamata macho yangu, ukaifunga. Na ya kwako pia ukafunga. Donc, basi, hapa mu nyumba tuko bapofu babili.”

Kisha akainuka. Aliniachia brashi ili nipake nyeupe mwenyewe.

Majuto ni mjukuu, wazee husema, na mjukuu wangu alizaliwa asubuhi ile. Lakini kulia hakurudishi kaseti. Nikaanza kuitafuta. Nilimuuliza kila dereva wa pikipiki, kila mfanyabiashara wa kahawa na mafuta ya mawese. Wakaniambia imepelekwa Kamango, kule karibu na Uganda. Nilipotuma mtu Kamango, ilikuwa imeshaondoka. Wakasema ipo Mutwanga, walinzi wa mbuga wanaitazama. Nilipotuma salamu Mutwanga, jibu lilikuja kwamba mwenyewe ameugua na kaseti imefungiwa sandukuni. Ikapita miezi mitatu. Kila siku nilimwona Mzee akishika kikombe cha chai kwa kupapasa zaidi kuliko jana yake, nami nikawa nahesabu.

Mwishowe habari ikaja: iko Beni, itaonyeshwa Jumamosi mchana. Tulipanda pikapu juu ya magunia ya maharagwe. Wakati huo njia ya Beni mtu aliweza kuishika bila kuuliza-uliza kwanza habari za usalama kama tufanyavyo leo. Mzee alikuwa amevaa koti. Njia nzima alinieleza maswali yake, kivuli, manyoya, maji, na akanifanya niyarudie ili asisahau hata moja.

Chumba kilikuwa kimejaa. Nilimwomba mwenye chumba, tukapewa nafasi mbele kabisa, karibu na kioo cha televisheni. Kando yetu alikaa mwalimu mmoja aliyetumwa Beni kutoka mkoa mwingine wa mbali, mtu wa tai na kalamu mfukoni. Filamu ikaanza.

“Unaona, Tata?”

Alisogeza uso, akaurudisha nyuma, akausogeza tena.

“Naona mwangaza inatembea,” akasema. “Basi. Mwangaza tu.”

Nilikuwa nimemchelewesha miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyokuwa imebaki katika jicho lake.

Nilitaka kutoka nje nikajitupe mahali. Akanishika mkono. “Kaa. Wewe utaona. Mi nitauliza.”

Basi nikaitazama, mwanangu. Filamu niliyoichukia niliitazama kama ambavyo sijawahi kutazama kitu kingine, kwa kuwa kila kilichonipita mimi kilimpita na yeye. Akauliza kivuli kimeanguka upande gani. Nikamwambia kinamfuata ndama, tena kinakuwa kifupi jua likipanda. Akauliza manyoya. Nikamwambia mgongoni ni mazuri, mvua imeyalaza, lakini masikioni yamekaa kama burashi. Akauliza maji. Nikacheka, nikasema, “Maji iko nzito, Tata, sawa uji.” Na nyuso za watu? “Baya. Banaangalia, mais hapana kuona.”

“Vizuri,” akasema. “Sasa unaweza kusema kama iko mubaya. Umeangalia.”

Kisha ndama akafika ukingoni mwa mto na kusimama. Mzee akaegemea. “Muguu gani?”

“Ya nyuma, ya kushoto,” nikasema bila kufikiri. “Ya mbele ameikunja kidogo.”

“Juu ya nini?” akauliza, yaani kwa nini.

“Juu anaogopa. Anataka kukimbia, mais anangojea mama yake.”

Mzee akapiga goti lake kwa kiganja. “Ah! Kuna mutu mule!” akasema kwa sauti. “Kuna mutu aliangalia nyati!”

Yule mwalimu alikuwa ameshaguna mara mbili. Mara ya tatu akageuka. “Madame, silence, s'il vous plaît. Batu banaangalia filme.” Nilinyamaza kwa aibu. Baada ya muda kidogo nikaona ananiinamia tena. “Pardon, mama,” akanong'ona, “endelea. Sema nguvu. Tangu umenyamaza, mi naona bichache.” Mpaka mwisho nilisimulia kwa benchi nzima.

Filamu ikaisha na watu wakaanza kutoka. Kwenye kioo yakabaki majina madogo meupe yanapanda. Mwenye chumba akanyoosha mkono kuzima, akiba ya mafuta ya jenereta, unajua tena. Mzee akasikia muziki bado unapiga. “Kumebakia nini?” akauliza. Nikamwambia ni majina tu, kwa lugha nisiyoijua. “Majina ya nani? Batusomee!”

Mwenye chumba akaurudisha mkono, na mwalimu akarudi, akavaa miwani, akasoma. Hawa ni wachoraji wa hadithi, akasema. Hawa wanachonga sanamu za udongo za wanyama, kwanza kabla ya mashine. Hawa wanachunguza jinsi mnyama anavyotembea. Hawa ni wa mwanga, hawa wa rangi. Yalipanda na kupanda. Mzee alikuwa ameinua uso kana kwamba anayaona, na mdomo wake unatikisika, anajaribu kuyahifadhi. “Batu ba udongo,” akawa anarudia. “Bachoraji. Kumbe. Kumbe!”

Mimi nilikuwa nimesema hakuna mkono. Ilikuwa mikono isiyohesabika, na mmoja wa wenye mikono hiyo huenda alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne aliyetumwa kwenda kukaa na nyati.

Tuliporudi juu ya pikapu nililia. Nikamwambia, “Tata, nilikunyima.” Nilingoja aseme hapana, si kitu, nilisikia kila kitu kupitia kwako. Wewe pia ungengoja hivyo.

“Ndiyo,” akasema. “Ulininyima.”

Hakuyapunguza maneno yake. Alinishika bega tu, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya na alitaka nisianguke. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minne mpaka alipofariki, mimi nikichora na yeye akiuliza, na hakunikumbusha kosa lile hata siku moja. Lakini filamu ile hakuiona. Nimeomba msamaha kwake, na kwa padri, na kwa Mungu, na nimesamehewa pande zote tatu. Bado hakuiona.

Sasa sikia, mwanangu. Usifikiri ninakuambia upende mashine. Usiache mbachao kwa msala upitao. Penda mkono, endelea kuchora, korongo wako asikufie moyoni. Hata mimi, ukinipa leo kuchagua, huenda nikamchagua korongo. Ninachokukataza ni kuchukia kitu ambacho umekiona kwenye boksi tu. Nenda ukitazame mpaka mwisho, na uulize kimefanywaje, na ni nani aliyekifanya. Kuuliza si ujinga. Kikiwa kibovu, njoo ukiseme ubovu wake nami nitakusikiliza mchana kutwa, maana utakuwa umelipata neno lako kwa haki. Na kama kinachokusumbua ni woga, uite woga, usiuvalishe nguo ya busara. Mtu akisema naogopa, anasaidiwa. Akisema hakina roho, ataachwa na kiburi chake, na atawapoteza wengine nyuma yake.

Lakini hilo ni nusu, na ni nusu ndogo. Nimesikia pia kwamba umemkataza mdogo wako asiende leo itakapoonyeshwa. Yeye anaitaka sana filamu hiyo, amelala akiiota, nawe umemwambia ni upuuzi na umekataa kumpeleka. Hapo ndipo nilipoacha kunywa chai yangu na kukuita. Chukia ukitaka, hilo ni shauri lako. Hamu ya mtu mwingine si mali yako. Ukiona mtu anataka kuona kitu, mzee au mtoto, mshike mkono umpeleke siku ile ile, kwa maana hujui macho yake yamebakiwa na siku ngapi, wala njia imebakiwa na siku ngapi, na hapa kwetu tunaijua vema habari ya njia kufungwa.

Mungu akupe jicho lenye njaa na ulimi wenye subira. Mkono wako aubariki katika karatasi na katika mashine, popote utakapokwenda kutafuta mkate. Siku utakapokosea, na utakosea, akupatie mtu wa kukuambia ndiyo, umekosea, bila kuliachia bega lako. Amani ikae nawe na mdogo wako.

Haya, inuka ukamwite avae viatu.